Bao la Mwambani na Bao la Kioo: Suala la Lugha katika Kuhamishia Michezo ya Mezani kwenye Kompyuta

1. Utangulizi

Kilomita chache kutoka katikati ya jiji la Nakuru, karibu na barabara iendayo Nairobi, pana kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill. Louis Leakey alikitambua kuwa mahali pa kale mwaka 1926, na Mary Leakey akachimbua huko mwaka 1937 na 1938. Uchimbuzi huo ulifunua makaburi na makazi ya Zama Mpya za Mawe, pamoja na mabonde madogo ya mviringo ya watu wa Sirikwa yaliyokuwa mazizi ya mifugo. Mwaka 1943 kilima hicho kiliwekwa chini ya hifadhi ya sheria, na mwaka 1965 kikafunguliwa kwa watazamaji. Mgeni afikaye hapo huonyeshwa pia kitu kingine kisichohitaji jembe la mchimbuaji: safu za vishimo vilivyochongwa juu ya mwamba, yaani bao la kuchezea.

Mwamba huo umetuhifadhia mashimo, lakini haukutuhifadhia sheria wala maneno. Twaona mahali kete zilipowekwa. Hatusikii mchezaji alimwambia nini mwenzake alipozila. Siku hizi bao linachongwa upya, si juu ya jiwe bali katika programu za kompyuta na za simu za mkononi. Programu hufanya kazi ambayo mwamba haukuiweza: huhifadhi sheria, tena kwa ukamilifu usiosahau hata kipengele kimoja. Lakini kwa upande wa maneno, tofauti iliyopo kati ya mwamba na programu ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Makala hii inakusudia kueleza ni nini hasa kinachohamishwa mchezo wa mezani unapoingizwa katika kompyuta, na ni nini kinachoachwa. Hoja yetu ni kwamba mchezo wa aina hii una tabaka tatu: vifaa, sheria na maneno. Tabaka mbili za kwanza huhamishika kwa kazi ya fundi. Tabaka ya tatu haihamishiki mpaka mtu wa lugha aikusanye na kuiandika. Tutaanza na maana ya kuhamisha kwenyewe, kisha tutatazama mfano wa michezo ya uhusika ya ng'ambo na vitendawili vya kwetu, halafu tutaingia katika bao na msamiati wake. Sehemu za mwisho zinahusu hali ya Bonde la Ufa ya kati, na kazi inayotungojea sisi tunaofundisha lugha za Kiafrika.

2. Maana ya kuhamisha

Wanaochunguza michezo ya dunia wamezoea kutumia jina mankala kwa jamii nzima ya michezo ya mashimo na kete. Jina hilo lina asili ya Kiarabu, nalo limejengwa juu ya mzizi n-q-l wenye maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Mzizi huo huo ndio uliotuletea nakili na nakala katika Kiswahili. Kwa hiyo mcheza bao na mnakili wa hati ni ndugu kwa upande wa lugha: mmoja huhamisha kete kutoka shimo hadi shimo, mwingine huhamisha maneno kutoka karatasi hadi karatasi.

Udugu huo, hata hivyo, una mpaka. Hati ikinakiliwa, asili yake hubaki kama ilivyokuwa. Kete zikihamishwa, shimo zilimotoka hubaki tupu. Basi kuhamishia mchezo kwenye kompyuta ni kuhamisha kwa namna gani? Watengenezaji wa programu huamini kwamba wanatoa nakala: bao la barazani lipo palepale, na la kioo limeongezwa juu yake. Imani hiyo ni kweli pale ambapo wachezaji wa barazani wangalipo na watoto wangali wanaketi karibu nao. Pale ambapo mtoto hukutana na mchezo kwa mara ya kwanza na ya mwisho katika simu, uhamishaji huo ni wa kete. Shimo la kwanza limebaki tupu, na chochote ambacho hakikutiwa katika la pili kimepotea. Ndiyo maana swali la kilichohamishwa si swali la mafundi peke yao.

3. Michezo ya uhusika na vitendawili

Mfano ulio wazi zaidi wa tatizo hili unatoka Marekani. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi kuizunguka meza. Kila mmoja hujitwalia mhusika, shujaa au mchawi au mwizi, na mmoja wao huwa mwendeshaji. Mwendeshaji husimulia hali ilivyo, mchezaji hueleza kwa kinywa chake mhusika wake afanya nini, dadu hutupwa pale penye shaka, na hadithi huendelea. Vifaa vyake ni vichache: karatasi, kalamu na dadu. Sheria zimeandikwa vitabuni. Lakini mchezo wenyewe ni mazungumzo.

Haukupita muda mrefu kabla ya mchezo huo kuingizwa katika mashine. Kufikia mwaka 1975 watumiaji wa mtandao wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Illinois, ulioitwa PLATO, walikuwa wamekwisha kuandika humo michezo ya kushuka mapangoni na kupigana na majitu. Dadu zilihamishika siku ya kwanza, kwa kuwa mashine hutoa tarakimu za bahati bila taabu. Hesabu za nguvu na majeraha zilihamishika vilevile. Kilichokwama ni mwendeshaji. Mezani, mchezaji anaweza kusema kwamba hatapigana na mlinzi wa lango bali atamwuliza habari za mama yake mgonjwa, na mwendeshaji mwenye akili atamtungia mlinzi huyo mama papo hapo. Mashine ilikuwa na majibu yaliyoandikwa tu. Historia ya nusu karne iliyofuata, kupitia Baldur's Gate ya mwaka 1998 hadi Baldur's Gate 3 ya mwaka 2023, ni historia ya waandishi walioajiriwa kuandika maneno mengi zaidi na zaidi ili kuziba pengo la mtu mmoja aliyekuwa akiketi mwisho wa meza. Ni vyema tukumbuke jambo hilo: pengo lilizibwa na waandishi, si na mafundi peke yao.

Msomaji asidhani kwamba michezo ya namna hii ni mambo ya kigeni. Tuutazame utegaji wa vitendawili. Mtegaji husema "Kitendawili!" na wenziwe huitika "Tega!" Kikiwashinda, hudai: "Nipe mji." Hupewa mji, na hapo anayedai hubadilika kutoka mwulizaji kuwa mtawala au msafiri: huusimulia mji aliopewa, alivyofika, watu walivyompokea, alivyokula na kunywa, ndipo afumbue fumbo lake. Miongoni mwa Wagikuyu walioenea katika mashamba ya Nakuru, mwito wa ndaĩ hufuata utaratibu wa jinsi hiyo: "Gwata ndaĩ" hujibiwa "Ndagwata." Katika desturi hizi zamo sheria, zamu, ushindi na kushindwa, na kwa mdai mji umo uhusika pia.

Sasa tuchukue kitendawili hicho tukitie katika programu ya kawaida ya maswali. Fumbo huwa swali, jibu huwa moja kati ya manne yaliyopangwa chini yake, na anayekosa hukatwa alama. Sheria ya msingi imehifadhiwa: kuna anayeuliza na anayejibu. Mwito na kiitikio vimekuwa pambo au vimeondolewa. Mji haupo tena. Nao mji ndio uliokuwa malipo ya mchezo, tena ndio uliokuwa shule ya usimulizi, maana mtoto aliyepewa Nakuru ilimlazimu aijenge Nakuru kwa maneno mbele ya watu waliokuwa tayari kumcheka.

4. Sheria na mashine

Tukirudi kwenye bao na nduguze, hatuna budi kukiri kwamba mashine imefanya makubwa. Mwaka 1940 Mmarekani William Julius Champion alibuni mchezo alioupa jina la Kalah, kwa kurahisisha michezo ya mankala: mashimo sita kila upande na ghala moja kila mwisho wa ubao. Wepesi wake uliwavutia wataalamu wa kompyuta, na katika miaka ya 1960 ulikwisha kuandikiwa programu. Mwaka 2000 Geoffrey Irving, Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walieleza jinsi walivyoukokotoa hadi mwisho kwa ukubwa wake mbalimbali. Mwaka 2002 John Romein na Henri Bal wa Amsterdam waliukokotoa mchezo wa awari, wenye asili ya Afrika ya Magharibi, kwa kupitia hali zake zote zinazowezekana, zaidi ya bilioni 889. Jibu lao lilikuwa kwamba wachezaji wawili wasiokosea hutoka sare.

Bao la Kiswahili halikukubali kushindwa kwa urahisi huo. Lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Zamu moja inaweza kuzunguka na kuzunguka, ikila na kusambaza, hata imeonyeshwa kinadharia kwamba ipo mienendo isiyokoma. Alex de Voogt, aliyechunguza mabingwa wa Zanzibar na kutoa kitabu chake mwaka 1995, alivutwa hasa na uwezo wao wa kukokotoa mizunguko hiyo kichwani. Hata hivyo sheria za bao zimekwisha kuandikwa katika programu, na mtu anaweza kucheza na mashine akiwa peke yake usiku wa manane. Kwa mwanafunzi asiye na mwalimu, au kwa Mswahili aishiye ughaibuni, hiyo ni neema wala si ya kubezwa.

Lakini tuangalie kilichobadilika katika neema hiyo. Programu nyingi za jamii hii huandika tarakimu kando ya kila shimo ili kuonyesha idadi ya kete. Barazani, kujua idadi kwa jicho ni nusu ya umahiri. Tarakimu moja ndogo iliyowekwa kwa wema imeondoa ustadi mzima, na pamoja nao imeondoa maneno ya kukisia, ya kutilia shaka na ya kumhadaa mwenzako. Fundi hakuvunja sheria yoyote. Alidhani tu kwamba kimya cha ubao wa asili kilikuwa upungufu.

5. Maneno ya bao

Tufikie sasa msamiati wenyewe. Mchezo huanza kila mchezaji akiwa na kete 6 katika nyumba, kete 2 katika kila moja ya mashimo mawili yaliyo kuume kwa nyumba hiyo, na kete 22 mkononi. Awamu ya kwanza ni ya kunamua: kila zamu huingiza kete moja mpya ubaoni. Kete za mkononi zikiisha, huja awamu ya mtaji, ambapo mchezaji hucheza kwa zilizomo ubaoni tu. Mashimo ya mwisho ya safu ya mbele huitwa kichwa, na kichwa pamoja na shimo linalofuatana nacho huitwa kimbi. Kete zilizoliwa husambazwa upande wa mlaji kuanzia kichwani. Anayeshinda mapema, angali mpinzani ana kete za kunamua, husemwa kwamba ameshinda mkononi.

Msomaji ataona kwamba maneno haya si majina matupu yaliyobandikwa juu ya vifaa. Yanabeba mfumo wa mawazo. Nyumba hulimbikizwa, hulindwa, na huweza kupotea. Mtaji ni neno la biashara: aliye na mtaji ana njia ya kula, na asiye nao hujisogeza tu akingojea. Mchezaji anayeambiwa "huna mtaji" anaelezwa hali yake ubaoni kwa lugha ileile ambayo angeelezwa hali yake sokoni.

Mfano ulio muhimu zaidi kwa wanaisimu ni ule wa kitenzi takata. Katika matumizi ya kawaida takata ni kuwa safi, takasa ni kufanya kuwe safi. Katika bao, zamu isiyoanza kwa kula ni zamu ya kutakata. Kutokana na kitenzi hicho bao limeunda sheria nzima kwa njia ya mnyambuliko: takata, takasa, takasia, takasiwa. Shimo lililotakasiwa ni shimo la mpinzani lililotegwa na zamu ya kutakata kiasi kwamba, mbali na hali chache zilizotengwa, mwenyewe haruhusiwi kulianzia katika zamu yake ifuatayo. Kiambishi cha kutendea kinaonyesha kwamba tendo limeelekezwa kwa mwingine. Kile cha kutendwa kinaonyesha ni nani aliyefikwa nalo. Programu inayotafsiri takasia kwa neno la lugha nyingine lenye maana ya kuzuia haijakosea sheria. Imekata uzi tu kati ya zamu iliyofanywa na athari yake, uzi ambao mtoto wa Kiswahili huupata bila kufundishwa, kwa sababu sarufi yake imekwisha kumfundisha.

Mfano wa pili unaonyesha mahali ambapo mashine yenyewe hulazimika kusema. Katika awamu ya kunamua, zamu ya kula inapokomea kwenye nyumba ya mchezaji mwenyewe, yeye hupewa hiari: aweza kulala hapo, au aweza kusafiri, yaani kuichukua nyumba yote na kuisambaza. Hiari hiyo haiwezi kukisiwa na programu. Ni lazima iulize. Basi fundi huandika swali kiooni, na mara nyingi swali hilo huwa la kuacha au kuendelea. Mchezaji wa barazani asingesema hivyo. Angesema "Nalala" au "Nasafiri," na watazamaji wangejua uzito wa neno, kwa kuwa anayesafiri ameiacha nyumba yake wazi. Hapa maneno si mapambo ya sheria. Tamko ndilo linalokamilisha tendo: mpaka mtu aseme au aonyeshe amechagua nini, mchezo hausongi.

Wapo watakaosema kwamba mazungumzo ya wachezaji ni kelele za pembeni, na kwamba mchezo ni hesabu tu. Mifano hii miwili inatosha kuwajibu. Tukiondoa maneno, sheria hubaki zikifanya kazi, lakini mchezaji hana tena njia ya kuzifikiria kama mfumo mmoja. Hujifunza orodha ya makatazo.

6. Bonde la Ufa: majina mengi, kioo kimoja

Hali ya Nakuru na viunga vyake inafanya suala hili kuwa zito zaidi. Mji huu ulikua juu ya reli na mashamba, ukavuta watu wa lugha nyingi. Pamoja nao ilikuja michezo ya mashimo, aghalabu ya safu mbili: giũthi ya Wagikuyu, kechuiek ya Wakipsigis, enkeshui ya Wamaasai, ajua ya Wajaluo. Michezo hii ni ndugu, lakini haiko sawa. Hutofautiana katika idadi ya mashimo na ya kete, katika upande wa kuzungukia, na katika masharti ya kula.

Tofauti hizo hazikuwahi kuwazuia watu kucheza pamoja, kwa sababu palikuwapo hatua iliyotangulia mchezo, nayo ilikuwa ya maneno. Tuchukue wazee wawili waliokutana chini ya mti, mmoja ametoka Bahati na mwingine Rongai. "Mzee mwenzangu, kwenu mnazungukia upande gani?" "Kwetu twazungukia upande wowote, ila ukishaanza hugeuki." "Na nikifika penye shimo tupu?" "Hapo ndipo unapokula, lakini kama mbele yake pana kitu." "Haya, tucheze chenu kwanza, kisha tucheze chetu." Mapatano kama haya hufanyika kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha iliyo kati yao, na maneno ya kula, kulala na kuzunguka hutumika kuelezea michezo ambayo kila mmoja ana jina lake kwa lugha ya mama. Kwa mtaalamu wa lugha hiyo ni hazina: sheria ikitafsiriwa na wenyewe, kwa hiari, mbele ya ubao.

Kioo hakina hatua hiyo. Kijana wa Nakuru anayetafuta mchezo wa jadi wa Kiafrika katika simu yake huletewa, mara nyingi, mchezo ulioandikwa mankala, wenye mashimo sita kila upande na ghala mbili. Huo ni Kalah wa Champion. Mwaka 2020 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mkusanyo wa michezo 51 ya dunia, na mankala iliyomo ni ya umbo hilohilo. Hakuna ubaya katika kucheza Kalah. Tatizo ni jina. Jina la jamii nzima limevikwa mwanajamii mmoja, aliyezaliwa Marekani mwaka 1940, na mtoto anayeujua huo pekee ataitazama enkeshui ya babu yake kama mankala iliyokosewa.

Tumeliona jambo hili katika lugha. Lahaja moja ikiteuliwa kuwa sanifu, zilizobaki huanza kuitwa makosa. Tofauti ni kwamba usanifishaji wa Kiswahili ulifanywa na kamati, kwa mjadala, na kumbukumbu zake zipo. Usanifishaji wa bao unafanywa na soko, bila mjadala, na hakuna aliyealikwa kupinga.

7. Kazi inayotungojea

Kutokana na maelezo hayo twapendekeza mambo manne.

Kwanza, usemi wa wachezaji ukusanywe. Yaliyochapishwa juu ya michezo hii mengi yanaeleza ubao na sheria. Maneno yanayosemwa zamu kwa zamu yameandikwa kwa uchache sana. Chuo Kikuu cha Egerton kilichoko Njoro, kilichoanzishwa kama shule ya kilimo mwaka 1939 na kuwa chuo kikuu mwaka 1987, kimezungukwa na jamii zote tulizozitaja. Mwanafunzi mwenye kinasa sauti, ruhusa ya wazee na subira ya kuketi mchana mzima angeweza kutuletea katika likizo moja kitu ambacho miamba haikutuachia.

Pili, istilahi za programu zitoke kwa wachezaji kabla ya kubuniwa ofisini. Hatuanzi kutoka sifuri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na tangu hapo maneno kama faili, hariri na hifadhi yamezoeleka kiooni. Huko ilibidi istilahi zibuniwe kwa kuwa vitu vyenyewe vilikuwa vigeni. Kwa bao hali ni kinyume chake: kitu ni chetu na neno lipo. Kubuni neno jipya la takasia kungekuwa kumnunulia maji mwenye kisima.

Tatu, hatua ya mapatano iingizwe katika programu yenyewe. Badala ya kuuliza tu mchezaji anataka mashine iwe nyepesi au ngumu, ukurasa wa kwanza uulize maswali ya wale wazee wawili: mashimo mangapi, upande gani, kula kwa namna gani, jina la mchezo kwenu ni lipi. Kwa fundi hilo ni jambo dogo, kwani kila jibu ni badiliko la kanuni moja. Kwa lugha ni jambo kubwa, kwani programu hiyo haitasema tena kwamba mchezo ni mmoja. Itasema kwamba michezo ni mingi na kwamba watu hupatana.

Nne, pale programu inapowakutanisha watu wawili walio mbali, iwaachie nafasi ya kusema kwa sauti au kwa maandishi. Nyingi zimewapa picha ndogo za nyuso zinazocheka na kulia. Uso unaocheka hauwezi kumwambia mwenzako kwamba hana mtaji.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba kuhamishia mchezo wa mezani kwenye kompyuta ni aina ya tafsiri, na kwamba, kama ilivyo katika kila tafsiri, kinachopotea kwa urahisi zaidi ni kile ambacho mfasiri hakujua kwamba kipo. Katika michezo ya uhusika kilichokwama ni mwendeshaji, katika vitendawili ni mji, katika bao ni matamko ya mchezaji na mapatano yaliyotangulia zamu ya kwanza. Vyote hivyo vimefanywa kwa maneno, na vyote vyaweza kuandikwa.

Mafundi hawawezi kulaumiwa kwa kutohamisha kile ambacho hawakupewa. Wanafanya kazi kwa yale yaliyomo katika vitabu, na vitabu vyetu vimewapa idadi ya mashimo. Wazee wanaojua kutofautisha kulala na kusafiri wangali wanacheza, na wengi wao hawatatungoja. Idara zetu hutunga orodha za istilahi kila mwaka kwa ajili ya sayansi zilizoletwa kwa meli na ndege. Ingefaa moja ya orodha hizo iandikwe ubaoni, kwa kusikiliza, kabla ya wenye maneno kunyanyuka.